Madamu wa Ofisi Nne

Mugisho mwanangu,

Salamu siandiki, maana uko chumba cha pili na nakusikia ukivuta selotepu na kuikata kwa meno ingawa nimekupa mkasi. Jua la Agosti bado halijazama nyuma ya maghorofa ya Hallonbergen, na kesho asubuhi unahamia Umeå kusoma. Ningeweza kupiga hodi nikaketi kitandani pako tukaongea. Lakini nakujua, na najijua. Nitakuuliza kwa Kiswahili, utanijibu kwa Kiswidi, kisha mmoja wetu atakumbuka kwamba ana nguo mashineni. Kwa hiyo nakuandikia, na barua hii nitaipitisha chini ya mlango wako.

Mambo ya kufua, kula na kuvaa soksi mbili kule kaskazini sitayataja. Una miaka kumi na tisa na ugali wako siku hizi umeshinda wangu. Nataka kukuuliza juu ya Jumamosi ile.

Unaijua. Ilikuwa mwezi wa saba, nje ya kituo cha treni cha Sundbyberg. Nilikuwa nimevaa sare ya kazi, nasukuma toroli la usafi kutoka jengo moja kwenda jingine. Wewe ulitokea upande wa treni, umeshikana mikono na Klara wako, na baba yake yuko pembeni yenu anakusimulia kitu. Uliniona. Najua uliniona kwa sababu ulikuwa ukimjibu, ukanyamaza katikati ya neno. Kisha ukalimalizia lile neno, ukapita. Na mimi niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, viatu ambavyo havina kamba.

Wiki tano zimepita na hatujalitaja. Umeosha vyombo kila siku bila kuambiwa, ndiyo nikajua kwamba linakuuma. Mugisho, liliniuma na mimi, sitakuficha. Nilirudi nyumbani nikalia bafuni, bomba likiwa wazi. Nilingoja hasira ije, haikuja. Kilichokuja ni ule ugonjwa wangu wa kutaka kujua. Mama yako ni mtu wa kuuliza. Kwenye treni humuuliza mtu nisiyemjua anasoma kitabu gani, nawe huhamia kiti cha mbali. Basi nikaanza kujiuliza: mtoto huyu aliona nini pale? Aliogopa nini hasa, nao ni watu wawili tu, tena mmoja anampenda? Na jambo hili alijifunza wapi? Hilo la mwisho nimelipatia jibu mwenyewe. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema, na mimi msemo huo nilizoea kuwatolea watu wengine.

Unamkumbuka Henrik? Aliyekufunga viatu vya barafu?

Nianzie Bukavu, uelewe. Kule mimi nilikuwa Madamu. Nilifundisha Kifaransa sekondari, na marehemu baba yako, aliyefariki ukiwa na miaka minne, alikuwa mkaguzi wa shule. Hatukuwa matajiri, lakini nyumbani tulikuwa na boyi. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, na bado tulimwita boyi. Yeye ndiye aliyeosha vikombe. Miaka yote aliyokaa kwetu, mimi ninayeuliza kila kitu sikumuuliza hata siku moja majina ya watoto wake.

Tulipofika hapa nikapata kazi ya usafi wa ofisi. Nilianza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi nikamaliza saa tatu, majengo manne, mawili Solna na mawili Sundbyberg. Lakini kwenye treni hakuna aliyeniona na sare. Sisi watu wa Bukavu tunatoka nyumbani tumevaa. Nilipanda treni na suti yangu ya rangi ya zambarau, viatu vya kisigino na mkoba wa ngozi, na ndani ya mkoba mna kandambili na mafuta ya mikono. Nikifika nabadili katika kile chumba cha mafagio, napiga deki, nabadili tena, natoka kama nilivyoingia. Rafiki yangu Mama Neema wa Hallunda alifanya hivyo hivyo. Jumapili kanisani usingeweza kutambua nani anasafisha na nani ana ofisi, na kwa heshima hakuna aliyemuuliza mwenzake. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Uliniona natoka hivyo kila siku, na sidhani kama uliona ajabu.

Asubuhi moja ya Septemba nilikuwa nimemaliza kazi, suti iko mwilini, napita karibu na jiko la ofisi la ghorofa ya chini. Kulikuwa na mwanaume amefunga aproni, anatoa vikombe kwenye mashine ya kuosha vyombo na kuvipanga kabatini. Sweta yake ilikuwa na tundu kwenye kiwiko. Akanisalimu, nikajibu, akasikia lafudhi yangu akajaribu Kifaransa. Mungu wangu, kile Kifaransa! Nilimsahihisha pale pale bila kufikiri, kwa sauti yangu ya darasani, naye akacheka, akarudia vizuri, akaniuliza kama nitakunywa kahawa. Nikamuuliza kama ndiye anayehusika na jiko. Akasema ndiyo, ni yeye. Basi, nikajua nimeshajua. Huko nilikotoka, mwanaume anayeosha vikombe vya ofisi ana jina moja tu.

Nikae au nisikae? Nilikaa. Na sababu iliyonikalisha ndiyo ninayoionea haya kuliko yote, kwa hiyo naiandika wazi: nilikaa kwa sababu nilijiona niko juu yake. Tangu nifike Sweden sikuwa nimekaa na mtu nikiwa juu. Kwa Kiswidi nilikuwa mama wa mafagio mwenye maneno mia mbili. Kwa Kifaransa, mbele ya mtu wa jikoni, nilikuwa Madamu tena, na nililionea kiu lile jina.

Akaniuliza nafanya kazi ofisi gani. Nikamwambia niko katika ofisi nne. Si kweli? Ni kweli kabisa. Akaniuliza kama nasafiri sana kwa kazi. Nikasema kila siku. Hilo nalo ni kweli, muulize kondakta. Nikaona macho yake yanajaa heshima. Siku nyingine akataja watu kama mimi, wanaoitwa na makampuni kuja kuwashauri wakuu wao, na mimi sikusema ndiyo wala sikusema hapana. Nilikunywa kahawa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua msimu mzima wa majani kudondoka, kwa sababu niliitembea kwa ukweli nusu nusu.

Kila asubuhi nilimkuta jikoni. Nilianza kumhurumia, mtu mzima yuko peke yake na vikombe vyote vile. Nilimpelekea sombe, kisamvu chetu, katika kopo la aiskrimu. Akaila amesimama, anauliza majani haya ni ya nini, yanatwangwa na nani, kwa muda gani, na alingoja jibu mpaka mwisho, jambo ambalo watu wengi hawawezi. Nikaona huyu mtu ana akili, anapotea bure. Siku moja nikamkalisha chini nikampa mawaidha. Nikamwambia ajikaze, amwendee mkurugenzi wake bila woga, aombe kazi inayomfaa. Alicheka mpaka akaegemea friji. Mimi nilikasirika, nikamwona ni mtu asiyetaka maendeleo. Kumbe yeye alidhani natania. Alidhani mshauri mkubwa kama mimi lazima anamjua mkurugenzi wa mahali pale.

Nilimpenda, Mugisho. Sitalizungusha. Jumapili baada ya ibada, wewe ukibaki na watoto wa Mama Neema, mimi na yeye tulitembea kando ya maji kule Sundbyberg, na Novemba, katika lile giza la saa tisa alasiri, alinishika mkono na nikauacha ulipo. Nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa. Nilijiambia nitamweleza kazi yangu Jumapili ijayo. Nilikuwa na Jumapili ijayo nyingi sana.

Kisha akataka kukuona. Tulikwenda uwanja wa barafu, na kwenye treni nilikwambia: "Ukiulizwa mama anafanya kazi gani, sema hujui." Ukaniuliza kwa nini. Nikakujibu kwamba ni mambo ya wakubwa. Henrik alipiga magoti kwenye barafu akakufunga viatu, na akiwa chini pale, kwa kukuzoesha tu, akakuuliza kazi ya mama. Ukasema, "Vet inte." Hujui. Akacheka, akasema watoto wa siku hizi hawajui wazazi wao wanafanya nini mchana kutwa. Wewe hukucheka. Ulinitazama mimi juu ya bega lake. Jumamosi ile Sundbyberg nilipoyaona macho yako, niliyatambua, maana niliyaona mara ya kwanza pale barafuni.

Desemba, msimamizi wetu wa usafi akanipigia simu mchana. Kahawa imemwagika katika chumba cha mkutano cha ghorofa ya juu, wageni wapo, nenda haraka. Nikaenda na sare na toroli. Nikagonga, nikaingia. Watu kama kumi wamekaa, tai shingoni, na mbele yao amesimama Henrik na ile sweta yenye tundu. Wajua nilifikiri nini kwanza? Niliogopa kwa ajili yake. Nilifikiri, huyu mtu wa jikoni ameingiaje humu, watamfukuza. Kisha nikaona kwamba wale wenye tai wanamngoja yeye amalize, na hakuna anayemkata neno. Mmoja akamuuliza kama mkurugenzi anaridhia wapumzike kidogo, na Henrik ndiye aliyejibu.

Akageuka akaniona. Nataka ulisikie hili vizuri: uso wake ulifurahi. Kabla ya kushangaa, kabla ya kitu kingine chochote, ulifurahi. Akasema mbele ya watu wote, "Georgette?"

Nikamjibu kwa Kiswidi, macho yangu yakiwa sakafuni: "Umenifananisha."

Akasema, "Samahani," kwa sauti ndogo, akasogeza mguu wake ili nifute kahawa iliyokuwa karibu na kiatu. Nikafuta. Nikasafisha vizuri kweli kweli, hata mahali pasipokuwa na kitu.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilikimbia aibu ya kuonekana na sare. Siku hizi nadhani ile aibu ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa nyingine: kwamba nilimpelekea mkurugenzi sombe kama anayelisha maskini, nikamfundisha ujasiri wa kwenda kujiona yeye mwenyewe. Nilipenda kuwa juu ya mtu. Nilipojua kwamba niko chini, sikutaka kujua kama yeye alikuwa akipima juu na chini hata kidogo.

Nikaomba nihamishwe jengo, nikahamishwa. Baada ya wiki moja msimamizi akaniletea bahasha. Alisema ameikuta katika chumba cha mafagio, imetundikwa kwenye msumari nilipokuwa natundika sare yangu. Ndani mlikuwa na karatasi niliyoijua kwa sura, ilikuwa ikibandikwa kwenye friji, nami nilifuta ile friji kila siku nikiizunguka bila kuisoma. Nikaisoma sasa. Ilikuwa orodha ya zamu za jiko. Katika ofisi ile kila mtu aliosha vikombe wiki moja, kuanzia anayepokea simu mpaka mkurugenzi, na ndivyo ilivyo katika ofisi nyingi za nchi hii, wewe umekulia hapa hata huoni cha kuuliza. Mimi sikujua. Zamu ya Henrik ilikuwa ile wiki ya Septemba tuliyokutana. Baada ya hapo, wiki kwa wiki mpaka Krismasi, majina ya wenzake yalikatwa kwa kalamu, na juu ya kila jina ameandika la kwake. Alichukua zamu za ofisi nzima ili nipite nimkute.

Hapakuwa na barua wala neno jingine. Lakini iliwekwa kwenye msumari wa sare yangu, kwa hiyo hakuamini kwamba amenifananisha. Alijua. Na tangu hapo nina swali ambalo limenizeesha: alijua tangu lini? Tangu mkutanoni? Au tangu zamani, labda aliniona asubuhi fulani na ndoo, akanyamaza, akingoja nimwambie mwenyewe? Nikikumbuka alivyokuuliza pale barafuni, siku nyingine nasikia swali lisilo na hila, siku nyingine nasikia mtu anayenifungulia mlango.

Nilimwonyesha Mama Neema karatasi ile. Akaitazama, akanitazama. "Dada," akaniambia, "ule mutu alishakuona na sare na bado anakuita. Sasa weye uko unakimbia nini?"

Nilimwambia nahitaji muda. Nilijipa muda mpaka mwezi wa tatu. Siku hiyo nikavaa sare nyumbani, nikapanda treni nayo, mara ya kwanza katika maisha yangu, na hakuna hata mtu mmoja aliyegeuza shingo. Nikafika mapokezi. Dada wa pale akaniambia kampuni imehama tangu Januari, na akashika kalamu, tayari kuniandikia mahali walipohamia. Ilibaki niseme tu: wapi? Nikasema asante, nikatoka.

Mwanangu, mimi ninayewauliza watu wa kwenye treni. Ule uongo wa ofisi nne sidhani kama ndio ulioniharibia. Yeye aliushika mkononi, akaupima, akanitundikia orodha yenye jina lake juu ya majina ya watu. Kilichoniharibia ni kwamba nilimjibia. Niliamua moyoni mwangu yeye atasema nini, nikakubali hukumu ambayo hakuitoa, nikaondoka. Hata leo natamani kumwona, si kwa kurudiana, naambiwa watu huoa. Natamani tu nimuulize.

Sasa wewe. Najua uliwaambia kina Klara kwamba mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Nimejua tangu Krismasi, Klara aliponitumia kadi iliyoanza na "Chère Madame", ina makosa matatu na imeandikwa kwa bidii mpaka ikanigusa. Nikajisemea, ona damu yangu: hata uongo wake ni ukweli nusu. Nilikuwa mwalimu kweli. Kadi nimeihifadhi, na sikumsahihisha.

Sijui Klara anafikiri nini. Amekuja hapa mara mbili nikiwa kazini. Najua kwa sababu nilikuta vikombe vimeoshwa na kupangwa katika kabati lisilo lao. Huenda anajua. Huenda siku ile Sundbyberg alikuona ukinyamaza, akamwona mama aliyeinama, akaunganisha, na tangu wakati huo anangoja, kama vile labda mimi nilivyongojewa. Huenda hajui kabisa, na akijua atakasirika, si kwa sare bali kwa kufichwa. Kuhusu baba yake, najua tu kwamba ana nyumba Lidingö, kisiwa cha wenye pesa. Nyumba haijaniambia chochote juu ya mtu. Wewe unadhani unajua watasema nini. Mimi pia nilidhani, na hivi ninavyokuandikia bado sijui.

Ulinishauri nisijisumbue kuomba ruhusa kazini kesho. Ulisema baba yake Klara atakuja na gari saa moja na nusu, mtapakia, mtaondoka, na saa hiyo mimi huwa kazini siku zote. Nikasema sawa. Ulishukuru upesi mno.

Nimebadilishana zamu na mwenzangu. Kesho naanza saa nne. Nitakuwa nyumbani, na nitakuwa nimevaa sare, maana nikitoka hapa naenda moja kwa moja. Kahawa itakuwa tayari na mandazi yatakuwa mezani. Kengele ikilia, nitafungua mlango mimi. Nitawapa mkono, Klara na baba yake, nitawaambia karibuni. Jina langu sitalitaja, kazi yangu sitaitaja, wala sitawaambia mimi ni nani kwako. Watakugeukia wewe.

Hapo sitakusaidia, Mugisho. Ukisema mimi ni mtu wa usafi aliyepita, nitamimina kahawa na sitakukana. Ukisema jingine, nitamimina kahawa vile vile. Nimekuuguza, nimekuvusha mipaka miwili nikiwa nimekushika mkono, najua unavyopumua ukiwa na homa, lakini utakachokisema mlangoni kesho sikijui, na nina hamu ya kukisikia kwa masikio yangu.

Mama yako